Leseni ya Pili ya Chiriku

Jumamosi asubuhi, nyumba ya mama fundi cherehani iliamka kwa kelele mbili. Ya kwanza ilikuwa ya cherehani yenyewe, maana nguo za watu hazijui mapumziko. Ya pili ilikuwa ya binti yake wa miaka kumi na mitatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku. Jina hilo hakuliokota njiani. Alizungumza akifagia, akazungumza akiosha vyombo, na majirani waliapa kwamba hata usingizini alikuwa akihutubia.

"Mama, umeona kiatu changu cha kushoto? Mama, leo tutamwambia kaka kwamba paka amezaa? Mama, tukimwambia watoto ni wanne na mmoja hana mkia ataamini?"

"Chiriku, nipumzishie masikio," mama alisema kwa taabu, pini zikiwa mdomoni. "Kiatu kiko chini ya kiti. Na hiyo sufuria haijioshi yenyewe."

Chiriku akaisugua sufuria huku akiimba. Jumamosi aliipenda kuliko siku zote, na mama yake vilevile, ingawa yeye hakuwa mtu wa kusema sana. Jioni ya siku hiyo walikwenda shuleni kuzungumza na kaka.

Kaka yake Chiriku alikuwa fundi wa majenereta katika kituo cha hali ya hewa, kwenye kisiwa kilicho mbali kabisa na nchi kavu. Huko simu haishiki, na meli ya mahitaji hupita mara chache kwa mwaka. Bahati nzuri ni kwamba alipokuwa mwanafunzi, kaka huyo alifundishwa redio na mwalimu wa Fizikia, mzee mrefu aliyependa nyaya kuliko chaki, na ndiyo sababu wanafunzi walimwita Mwalimu Waya. Kaka alipokwenda kisiwani alibeba redio yake. Basi kila Jumamosi, jua likianza kushuka, Mwalimu Waya alifungua stoo iliyo nyuma ya maabara, akawasha redio kubwa ya shule na kumwita. Mama alikaa kwenye stuli iliyopungua mguu mmoja, akasikia sauti ya mwanawe ikitoka kwenye spika pamoja na mikwaruzo yake, na wiki nzima iliyofuata alishona akitabasamu.

Redio hiyo ilikuwa ya ridhaa, yaani ya watu wanaozungumza hewani kwa kupenda, si kwa mshahara. Lakini kupenda hakutoshi. Sheria inataka leseni, na anayeipata hupewa alama yake ya mwito, herufi na tarakimu ambazo hakuna mwingine anazo. Leseni zenyewe zilikuwa za madaraja mawili. Ya awali ilimruhusu mtu kuzungumza kwa nguvu ndogo, na watu wa karibu tu. Ya daraja la juu ndiyo iliyofungua masafa ya mbali. Katika mji mzima, mwenye leseni ya daraja la juu alikuwa mmoja, Mwalimu Waya. Mama na Chiriku waliruhusiwa kushika kipaza sauti kwa sababu yeye alikaa hapohapo pembeni.

Chiriku alikuwa na leseni ya awali. Aliipata likizo iliyopita, na jinsi alivyoipata alihadithia mpaka watu wakaichoka hadithi. Kulikuwa na kijitabu cha maswali na majibu ya kuchagua. Alikikariri chote, jalada hadi jalada. Siku ya mtihani alimaliza wa kwanza, akatoka nje kula karanga. Mwanafunzi mwenzake, mvulana aliyeitwa Kwanini kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni, alikaa mpaka dakika ya mwisho na akapita kwa chupuchupu.

"Wewe unajichelewesha bure," Chiriku alimwambia. "Swali likiuliza, unalijibu. Huligeuzi kama chapati."

"Lakini kwa nini jibu liwe hilo na si lingine?" Kwanini alihoji.

"Kwa sababu kitabu kimesema."

Jumamosi hiyo walipomaliza kuzungumza na kaka, na kaka akawa amecheka vya kutosha kuhusu paka asiye na mkia, Mwalimu Waya hakuinuka kufunga redio kama kawaida yake. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, kuna jambo," alisema. "Nimepata uhamisho. Muhula ukiisha, naondoka."

Mama alimgeukia. "Tunakupongeza, mwalimu. Na redio?"

"Redio ni ya shule, itabaki. Lakini redio isiyo na mwenye leseni ni sawa na kabati. Nimeuliza kote, hakuna mwenye daraja la juu hapa karibu."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaanza kukunja kitambaa chake ambacho hakikuhitaji kukunjwa. Kaka angerudi baada ya mwaka na zaidi. Chiriku aliutazama uso wa mama yake, akasimama wima.

"Nitafanya mtihani wa daraja la juu mimi."

"Kwa nini usingoje mwaka kesho?" aliuliza Kwanini, ambaye naye alikuja kila Jumamosi kumsaidia mwalimu.

"Kwa sababu kufikia mwaka kesho mama atakuwa akizungumza na ukuta."

Mwalimu Waya hakucheka. "Umri haukuzuii, na mtihani utafanyika kabla sijaondoka. Lakini sikiliza, binti. Huu una sehemu ya kuulizwa ana kwa ana. Mtahini atakutoa nje ya kitabu, uogelee mwenyewe."

"Nitaogelea, mwalimu," Chiriku alisema. Moyoni alikuwa amekwisha kuamua kukikariri kijitabu kipya kama alivyokikariri cha kwanza.

Alianza jioni hiyohiyo. Mama alikanyaga cherehani huku kijitabu kimefunguliwa mbele yake, akamuuliza binti yake swali moja baada ya jingine. Chiriku alijibu kabla mama hajamaliza kusoma.

"C," alisema.

"C maana yake nini?" mama aliuliza.

"Maana yake ni sahihi, mama. Endelea."

Mama aliguna, akaendelea.

Alhamisi moja, Mwalimu Waya aliwaachia Chiriku na Kwanini kazi. Kebo iliyotoka kwenye redio kwenda kwenye antena ilikuwa imetafunwa na panya. Aliwapa kebo mpya, plagi, risasi ya kuyeyusha na pasi ya kuchomelea, akawaonyesha namna ya kufanya. Ndani ya kebo hupita waya mmoja katikati, na kuuzunguka kuna nyuzi nyembamba zilizosukwa. Hivyo viwili havitakiwi kugusana kamwe.

"Mkimaliza, msiiunganishe," aliwaambia. "Nitaipima kwanza kwa mita. Nakwenda ofisini, nitarudi."

Kwanini alitoka nje kuangalia kama waya wa antena juu ya paa ulikuwa umelegea. Chiriku akabaki na pasi ya moto. Alichomelea haraka, risasi ikamwagika kidogo, akaifuta kwa kidole na kuridhika. Ilipendeza kwa nje. Akaitazama saa ya ukutani, akatazama mlango. Vijana wa redio wa shule jirani walikuwa hewani wakati ule, na leseni yake ya awali ilimruhusu kuwaita. Aliona utamu wa kuwaambia kwamba kebo hii ameichomelea kwa mkono wake. Mwalimu angeipima baadaye, kuna ubaya gani?

Akaiunganisha. Akabonyeza kitufe cha kipaza sauti na kutaja alama yake ya mwito kwa madaha. Kwenye kisanduku kidogo kilichokuwa juu ya redio, mshale uliruka kutoka upande huu hadi mwisho wa upande wa pili, ukaganda hapo.

"Leo redio ina nguvu kweli," Chiriku alijisemea kwa furaha. Akaita tena, kwa kirefu zaidi. Hakuna aliyejibu. Akaita mara ya tatu, na hapo harufu ya plastiki iliyoungua ikamjaa puani.

Aliachia kitufe. Alipokibonyeza tena, mshale haukutikisika hata kidogo. Redio ilikuwa inasikia, lakini haisemi.

Kwanini aliingia, akavuta hewa. "Kwa nini kunanuka?"

Asubuhi umeme ulikuwa umekatika na kurudi. Chiriku hakuutafuta uongo, ulimjia wenyewe. "Umeme umeyumba," alisema. Haraka akaichomoa kebo mpya na kuitundika msumarini. Mwalimu aliporudi alimwambia maneno hayohayo, na Mwalimu Waya, ambaye hakuwa na sababu ya kumtilia shaka, akaanza kufungua upande wa redio unaopokea umeme. Huko hakukuwa na kasoro. Alikuna kichwa mpaka jua likazama.

Ijumaa jioni, mama alikishika kijitabu kama kawaida.

"Mshale wa mrejesho ukipanda kupita kiasi, mwendeshaji afanye nini?"

"B."

"B inasema nini?"

"Mama, wewe uliza tu lingine."

Lakini mama alikuwa amekwisha kuanza kuisoma, polepole, kama anavyosoma vipimo vya mteja. "Aache kurusha mara moja na akague kebo na antena, kwa maana nguvu inarudi kwenye redio na inaweza kuiunguza."

Aliuona tena ule mshale ulioganda mwisho. Swali hilo alilijibu mara zisizo na idadi, wala hakuwahi kulikosea. Lilikuwa ni herufi tu. Na ule mshale uliomwonya mbele ya macho yake, yeye aliufurahia.

"Mbona umenyamaza?" mama aliuliza. Hiyo ilikuwa ajabu ya mwaka.

"Nimechoka, mama," alisema Chiriku, akaenda kulala bila kuhadithia chochote.

Jumamosi mama alivaa nguo yake ya kutokea kama kawaida. Chiriku alimwambia redio ni mbovu. Mama akajibu kwamba hata mgonjwa hutembelewa. Walimkuta Mwalimu Waya ameinama juu ya meza.

"Kusema hatuwezi," alieleza, "lakini kusikia tutasikia. Nitumie ile kebo mpya?"

"Bado sijaimalizia," Chiriku alisema upesi mno. Mwalimu akaunganisha ile ya zamani iliyotafunwa, akazungusha kitufe, na katikati ya mikwaruzo kaka akatokea.

Aliita alama ya mwito ya mwalimu. Akanyamaza kusubiri. Akaita tena. "Sijawasikia," alisema. "Mama, uko hapo? Nawasikiliza."

"Niko hapa, mwanangu," mama aliiambia spika, ingawa alijua haisikii.

"Labda mimi ndiye nisiyesikika," kaka alisema. "Mama, kama unanisikia, mimi mzima. Ninyi wazima? Kuna nini huko?"

Alirudia hivyo mara nyingi, kila mara sauti yake ikizidi wasiwasi, na kila mara mama akimjibu. Mwisho kaka alisema atajaribu wiki ijayo, spika ikabaki na mikwaruzo yake. Njia nzima ya kurudi nyumbani mama alitembea mbele, na Chiriku akamfuata nyuma. Aliona haya. Alijichukia.

Jumatatu baada ya masomo, Mwalimu Waya aliwaita stoo. Uso wake ulikuwa na nuru. "Nimeukamata ugonjwa," alisema. "Transista ya kurushia ndiyo iliyoungua. Nilikuwa na moja ya akiba, nimekwisha kuibadilisha. Nyingine sina, na kuiagiza ni miezi. Haya, hebu tujaribu na kebo yenu mpya. Mmeimalizia?"

"Tuliimaliza tangu Alhamisi," alisema Kwanini kwa mshangao.

Mwalimu akanyoosha mkono, akaitoa msumarini. Hakuipima. Labda kwa furaha ya kuikamata kasoro, labda kwa kuwaamini. Akaielekeza plagi kwenye redio.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na ya Chiriku ilikuwa imefika ukingoni. Alijua ananyamaza kwa gharama ya nani. Aliisikia sauti ya kaka yake ikiuliza kuna nini huko.

"Mwalimu, usiiunganishe."

Mkono wa mwalimu ulisimama.

"Si umeme," alisema Chiriku. "Ni mimi. Niliiunganisha bila kupimwa. Mshale ulipanda mpaka mwisho nikadhani ndiyo nguvu. Kisha nikasema uongo. Na Jumamosi nikasema tena."

Mwalimu Waya aliichukua mita, akaigusisha ncha moja katikati ya plagi na nyingine pembeni. Mita ikalia. Ililia mahali ambapo haikupaswa kulia. Kwanini aliinama akaona unywele mmoja wa waya uliozama ndani ya risasi, umegusa usipotakiwa.

"Ningebonyeza, tungeipoteza na hii," mwalimu alisema kwa upole, na upole huo ulimuumiza Chiriku kuliko angefokewa. "Swali la mshale limo hata kwenye kijitabu cha awali. Uliliweza?"

"Nililiweza, mwalimu. Ni B."

"Ni B," mwalimu alirudia. Akakaa. "Mimi umeniambia, na nimekusamehe. Lakini si mimi niliyeketi kwenye stuli ile nikijibu spika."

Chiriku alimwambia mama jioni hiyo, amesimama wima mbele ya cherehani. Mama aliusimamisha mguu wake. Hakumpiga, wala hakupaza sauti.

"Wasiwasi wa kaka yako ulinifanya nidhani anaumwa na anaficha," alisema. "Usiku kucha nilimwombea. Kumbe aliyekuwa akificha ni huyu niliyelala naye nyumba moja."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Na kaka yako utamwambia mwenyewe. Siku utakayokaa kwenye kiti cha mwalimu, si kwa kupitia mdomo wangu."

"Na nikishindwa mtihani?"

"Basi usishindwe," mama alisema, akaanza tena kukanyaga cherehani.

Kesho yake Mwalimu Waya alimpa sharti. Kila jibu la kijitabu amweleze Kwanini, mpaka Kwanini aishiwe na maswali.

"Mwalimu, Kwanini hajawahi kuishiwa na maswali tangu azaliwe."

"Ndiyo maana nimemchagua."

Ikawa kazi kwelikweli. Chiriku aligundua kwamba yale aliyoyajua kama maji hakuyajua hata kidogo. Aliposema waya wa antena hufupishwa masafa, yaani kasi ya mtikisiko wa wimbi, yakipanda, Kwanini aliuliza kwa nini, naye akabaki kakodoa macho. Walichukua tepu ya mama ya kupimia nguo, wakaitikisa kati yao kama kamba ya kuruka. Walipoitikisa polepole, ilitengeneza wimbi moja refu. Walipoitikisa haraka, mawimbi yalikuwa mengi na mafupi. "Basi waya nao lazima uwe mfupi, ulingane na wimbi," Chiriku alisema taratibu, akijisikia kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Mama aliidai tepu yake, akapewa imevutika kupita kipimo, akawafukuza wote wawili uani.

Alichomelea plagi na kuzikata, akachomelea tena. Aliungua kidole gumba. Ya kwanza mita ililia, ya pili ikalia, ya tatu ikalia. Ya nne ilinyamaza, naye akakaa chini akaitazama kwa mapenzi. Mwalimu alipomjaribu kwa kumuuliza ana kwa ana, alikosea nusu. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi na kusema, "Tuanze tena, mwalimu." Kuna watu hudhani kujikaza ni kutolia. Chiriku alilia na bado akajikaza.

Kaka, Jumamosi zile, aliambiwa tu kwamba redio ilikuwa imeharibika na sasa imepona. Chiriku alipofika kwenye kipaza sauti alimsalimia na kumhadithia habari za paka, basi. La ziada lilingoja siku ya kiti cha mwalimu.

Siku ya mtihani ikafika. Ulifanyika katika ofisi ya leseni, chumba cha ghorofani chenye feni iliyolia kama bawaba kavu. Watahiniwa wengi walikuwa watu wazima. Mwanamume mmoja, fundi simu, alimtazama akacheka kidogo. "Binti, umemsindikiza baba?"

"Nimejisindikiza mwenyewe," alijibu Chiriku, na watu wakacheka upande wake.

Karatasi ya maswali ilikuwa na yaleyale ya kijitabu, ila majibu yalikuwa yamehamishwa, la B liko D, na tarakimu zimebadilishwa. Chiriku alisikia mtu nyuma yake akishusha pumzi kwa huzuni. Yeye aliwaza kwamba miezi miwili nyuma angekuwa mtu huyo. Akasoma kila swali mpaka mwisho. Safari hii hakutoka mapema, alitoka na wa mwisho.

Mtahini wa ana kwa ana alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Niambie, kwa masafa haya," alisema akigusa mchoro mezani, "kituo cha mbali husikika jua likishuka, lakini saa sita mchana hakisikiki. Sababu?"

Hilo halikuwamo kijitabuni. Ulimi wa Chiriku ulitaka kurukia jibu lolote, akauzuia. "Sijui kwa hakika," alisema. "Naomba nifikiri." Mtahini akaegemea kiti. Chiriku alikumbuka Mwalimu Waya akichora angani tabaka linaloyarudisha mawimbi duniani, na chini yake tabaka jingine. "Ninajua tabaka la juu hurudisha mawimbi. Kwa hiyo mchana lazima kuna kitu kinachoyazuia yasilifikie. Kinachobadilika ni jua. Nafikiri jua hulipa nguvu lile tabaka la chini, na hilo huyameza mawimbi. Jua likishuka, tabaka la chini hudhoofika, mawimbi yakapita."

"Umefikiri vizuri," mtahini alisema, akaandika. Baadaye alimwonyesha hesabu mbili alizokosea, akamsomesha kidogo, na mwisho akamwambia kwamba pamoja na makosa hayo amepita. Chiriku alishuka ngazi akiwa hasikii feni wala magari. Mwalimu Waya, aliyekuwa akisubiri mlangoni, alimwona uso wake na hakuuliza.

Muhula ukaisha. Mwalimu alipakia masanduku yake, akamkabidhi mwalimu mkuu ufunguo wa stoo, na mwalimu mkuu akamwita Chiriku, akampa.

Jumamosi ya kwanza bila Mwalimu Waya, stoo ilionekana kubwa. Kwanini alisimama mbele ya kisanduku chenye mshale, macho yamemtoka kama askari wa lindo. Mama aliketi kwenye stuli. Chiriku alikaa kwenye kiti cha mwalimu, akaiangalia kebo, akauangalia mshale, akasikiliza kwanza kama masafa hayana mtu. Ndipo alipobonyeza kitufe na kuita kwa alama yake mwenyewe.

Mikwaruzo. Akaita tena.

"Nakusikia," kaka alisema ghafla kutoka kwenye spika. "Lakini siitambui alama hiyo. Nani mwendeshaji?"

"Mwendeshaji ni mimi, kaka. Nimepata daraja la juu."

Kaka alipaza kitu kisichoeleweka, kikafuatiwa na kicheko kirefu. "Chiriku? Mtoto wa mama? Haya, mpe mama nimpongeze."

Chiriku aliachia kitufe. Kipaza sauti kilikuwa mkononi, na mama alikuwa amenyoosha mkono wake nusu tu, akimtazama. Hakumhimiza. Chiriku alijua kwamba hewani hakuna siri, na yeyote aliyekuwa kwenye masafa yale angemsikia. Akabonyeza.

"Kaka, kabla ya mama. Ile wiki ulipoita hatukujibu, tulikuwa tunakusikia. Redio niliiunguza mimi kwa kutofuata nilichoambiwa, kisha nikasema uongo. Mama alikaa hapa akikujibu na wewe humsikii. Nisamehe."

Spika ilikwaruza kwa muda mrefu.

"Wiki ile," kaka alisema hatimaye, "nilipanda juu ya paa kwenye upepo nikafungua antena yangu yote, skrubu kwa skrubu. Nilidhani mbovu ni mimi." "Nashukuru umeniambia. Hata mliposema redio yenu imepona, antena hii nilikuwa bado naishuku. Sasa nitalala. Umesamehewa, mdogo wangu. Lakini ukija huku, antena utaisafisha wewe."

Chiriku alicheka na kufuta macho kwa wakati mmoja, akampa mama kipaza sauti. Mama na mwanawe wakazungumza mpaka sauti ilipoanza kufifia. Chiriku alifunga mawasiliano kwa kutaja alama yake kama sheria inavyotaka, akazima redio.

Mama hakuinuka. Alimshika binti yake mkono, akamtazama na Kwanini pia.

"Mimi redio siijui, nguo ndizo nizijuazo," alisema. "Mtu akiazima nguo ataonekana nadhifu mpaka mwenyewe aje kuidai. Leseni yako ya kwanza ilikuwa nguo ya kuazima, maneno ya kitabu uliyoyavaa. Mshale ulipokudai, hukuwa na kitu. Hii ya pili umeikata na kuishona mwenyewe, ndiyo maana inakukaa. Na kosa nalo usilifiche, mwanangu. Ulilificha siku chache tu, likanifikia mimi na likampandisha kaka yako juu ya paa. Ulipolisema, sote tumepumua."

"Nimekuelewa, mama," alisema Chiriku. Akafunga mlango wa stoo, akampa Kwanini ufunguo auweke, kwa kuwa Jumatatu yeye ndiye atakayeanza kusomea leseni ya daraja la juu.